Alama ya kijani haijui mwaka wa tano wa kambi

Tangu Oktoba 16, 2025, siku Asus na Microsoft walipoingiza sokoni ROG Xbox Ally, kompyuta ya magemu ya kushika mikononi, mabishano ya wapenzi wa magemu kuhusu vifaa vya aina hiyo yamehama kutoka kwenye bei na kutua kwenye alama. Valve, wenye duka la magemu la mtandaoni liitwalo Steam, ndio walioanza, mwaka 2022, kifaa chao cha mkononi, Steam Deck, kilipotoka. Kila gemu kwenye duka lao likaanza kupewa hadhi: kijani kwa lililothibitishwa, njano kwa linalochezeka ukivumilia usumbufu kidogo, na mengine yakakataliwa. Microsoft nao sasa wana utaratibu wao wa kumwambia mnunuzi gemu lipi limeandaliwa kwa kifaa cha kushika mikononi na lipi limekaribia. Mnunuzi anatazama alama, anatoa hela. Akiona kijani anaamini kazi imekwisha. Asipoiona anaamini gemu hilo ni la mezani, la mausi na kibodi, si la kulala nalo kochini.

Wote wawili wanaisoma alama vibaya, na hakuna mahali wanapoumia zaidi kuliko kwenye magemu ya kujenga makazi, yale unayokabidhiwa watu wachache na ardhi tupu ukaachiwa mwenyewe. Anayesema magemu haya hayachezeki mkononi amekosea sababu. Anayesema yanachezeka kwa kuwa alama ni ya kijani amekosea muda, kwa sababu alama inapima saa ya kwanza ya kitu kinachoishi kwa mamia ya saa. Kikwazo cha kweli hakiko kwenye vidole wala kwenye uzuri wa picha. Kiko kwenye hesabu ambayo prosesa, ubongo wa kifaa, inapaswa kuipiga, na hesabu hiyo hukua kila kambi inapokua, mpaka siku moja kifaa kinazidiwa na mchezaji hajui ni lini kilianza kuzidiwa.

Nitalishika gemu moja, RimWorld, kwa sababu ndilo nililolicheza zaidi na kwa sababu linaonyesha tatizo hili waziwazi kuliko mengine. Limetengenezwa na Ludeon Studios, kampuni ndogo ya Kanada iliyoanzishwa na Tynan Sylvester. Lilianza kuonekana 2013 kwa michango ya wachezaji wenyewe, toleo la 1.0 likatoka Oktoba 2018, na tangu hapo limeongezewa sehemu tano kubwa, ya mwisho ikiwa Odyssey ya Julai 2025. Mwanzo wake wa kawaida ni huu: watu watatu wameanguka na chombo chao kwenye sayari ya mbali. Huwaendeshi kama unavyomwendesha mchezaji wa mpira. Unaweka maagizo, jenga hapa, lima pale, huyu apike, yule atibu, nao wanatekeleza kwa tabia zao na uvivu wao. Mmoja ana uraibu wa kuwasha moto, mwingine hawezi kuua hata sungura. Mtu akila chakula bila meza anakasirika na gemu linaandika hasira hiyo kwenye orodha ya mambo yanayomsumbua. Zikijaa anaweza kupandwa na wazimu katikati ya uvamizi, akaingia stoo na kula kila kilichopo.

Niseme jambo la lugha hapa, maana linanikera kila ninapoandika kuhusu magemu haya. Watu hao kwa Kiingereza wana jina ambalo ukilileta kwetu moja kwa moja linakuwa "wakoloni", na sijui ni msomaji gani wa Kiswahili atakayemhurumia mkoloni aliyelala njaa. "Walowezi" nalo halisaidii, hasa kwa ndugu zetu wa Kenya ambao bibi na babu zao walihamishwa mashambani ili walowezi wapate nafasi. Mimi nawaita wanakambi.

Sasa turudi kwenye hoja. Upande wa kwanza unasema gemu kama hili halikutengenezwa kwa vitufe, na hapo wana msingi. RimWorld lilizaliwa na mausi. Ukitaka kuona uzito wake, fungua ukurasa wa kugawa kazi. Kwenye gemu la msingi kuna aina 20 za kazi, kuanzia kuzima moto hadi utafiti, na kila mwanakambi ana kisanduku kwa kila kazi, unaweka namba 1 hadi 4 kuonyesha ipi itangulie. Kambi ya watu 12 ina visanduku 240. Kwenye mausi unapita navyo kama anayehesabu vitunguu. Kwenye Steam Deck unatelezesha kidole gumba juu ya padi ya kugusa iliyo chini ya kijiti cha kulia, unabonyeza kitufe cha bega, unakosea kisanduku, unarudi. Ludeon wenyewe wameandaa mpangilio wa vitufe kwa ajili ya kifaa hicho, na vile vinne vya mgongoni vinasaidia kuliko nilivyotegemea, lakini sitadanganya: ukuta ninaouchora kwa sekunde mbili mezani unanichukua tano mkononi.

Hata hivyo angalia hoja hiyo inamaanisha nini hasa. Sekunde tatu zilizopotea zinaumiza pale tu ambapo muda wa gemu unaendelea kukimbia. Kwenye mpira au kwenye bunduki, sekunde tatu ni bao au kifo. Kwenye RimWorld unasimamisha muda wakati wowote utakao, unachora, unafuta, unafikiri, unachora tena, na risasi imesimama hewani ikikusubiri. Sehemu kubwa ya mchezo huchezwa wakati hakuna kinachotembea. Vijiweni kwetu watu wamecheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa mkaa, na sijawahi kusikia fundi wa drafti aliyefungwa akasingizia kizibo. Zana duni zinachelewesha mkono tu, nao mchezo wenyewe unaendeshwa na fikra. Zaidi ya hapo, tatizo la vitufe limeshatatuliwa mara kadhaa na watu tofauti. Kampuni ya Double Eleven walilijenga upya RimWorld kwa ajili ya pedi ya vitufe na kulitoa kwenye PlayStation 4 na Xbox One mwezi Julai 2022, ila gharama yake ikawa kukosa modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe. Studio ya Wube ya Prague walilipeleka gemu lao la kujenga viwanda, Factorio, kwenye Nintendo Switch Oktoba mwaka huohuo, gemu ambalo nalo lilidhaniwa haliwezi kuishi bila mausi, na baadaye mpangilio ule wa vitufe ukafaidisha hata wanaocheza kwenye kompyuta. Kwa maneno mengine hii ni kazi ya uhandisi inayofanywa mara moja ikakwisha.

Hoja ya macho ni nzito zaidi na huwa haipewi nafasi yake, labda kwa sababu wanaoandika kuhusu vifaa hivi wengi ni vijana. Skrini ya Steam Deck ya kwanza ni ya inchi 7, yenye nukta 1280 kwa 800. Mwongozo wa Valve unasema herufi ndogo kabisa isishuke chini ya nukta 9 kwa urefu. Piga hesabu: kwenye skrini hiyo nukta 9 ni kama milimita moja, yaani pungufu ya unene wa punje ya mchele. Gemu linaweza kupita mtihani huo kihalali kabisa na bado likakutaka usome taarifa ya kidonda, asilimia ya maambukizi na asilimia ya kinga, kwa herufi za punje ya mchele, saa tano usiku, kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wetu ni lugha ya pili au ya tatu. Msomaji wa lugha yake huokota neno kwa umbo lake tu. Sisi wengine tunahitaji herufi zote. RimWorld linaruhusu kukuza maandishi, lakini ukikuza, madirisha yanameza ramani, na ramani ndiyo uliyokuja kuitazama. Toleo la OLED la Novemba 2023 lina skrini ya inchi 7.4 yenye rangi zinazoonekana vizuri zaidi, na tofauti ni ya kweli, ila nukta ni zilezile. Kwa mwenye macho ya miaka 45 kwenda juu, hii ni sababu halali ya kutonunua, na sina la kumpinga nalo isipokuwa kumkumbusha kwamba waya mmoja unakipeleka kifaa hicho kwenye TV ya sebuleni.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ajabu ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba gemu zito linahitaji kikao kirefu na kifaa cha mkononi ni cha vipande vya muda: foleni ya benki, safari ya daladala, nusu saa kabla ya kulala. Eti huwezi kutawala kambi kwa dakika kumi. Wanaosema hivi wamechanganya urefu wa gemu na urefu wa kikao. Kambi ya RimWorld inachukua makumi ya saa hadi ikamilike, lakini uamuzi wake mmoja mmoja ni mfupi: mgonjwa alazwe wapi, mahindi yavunwe kabla ya baridi au tungoje yakomae, mateka aachiwe au abembelezwe ajiunge. Hayo ni maamuzi ya dakika mbili. Kinachofanya mtu akae saa sita mezani ni kwamba kuwasha kompyuta, kufungua gemu lenye modi 80 na kusubiri lipakie kunachukua muda mrefu kiasi kwamba ukishaingia unaona hasara kutoka. Kifaa cha mkononi kinalala kwa kitufe kimoja na kuamka ndani ya sekunde chache palepale ulipoacha, mshale ungali hewani. Gharama ya kuingia ikishafutwa, kikao kirefu hakina ulazima tena. Mechi ya mpira ya mtandaoni ndiyo isiyofaa kwenye daladala, maana mpinzani wako hawezi kusubiri ushuke Ubungo.

Kwetu kuna nyongeza ambayo waandishi wa Ulaya hawaioni. Mwaka juzi nilikuwa mezani, kwenye ile hali ya gemu isiyokuruhusu kurudi nyuma, nimemaliza kufukuza wavamizi na daktari wangu amepita kitanda hadi kitanda akiwafunga vidonda wanne mmoja mmoja. Umeme ukakatika. Uliporudi, gemu lilikuwa limejihifadhi mara ya mwisho kabla ya uvamizi, kwa sababu kwa kawaida hujihifadhi mara moja kwa siku ya kambi, na safari ile ya pili daktari ndiye aliyepigwa risasi ya kwanza. Kifaa chenye betri hakina habari na hayo. Ingawa nako kuna mtego: kulala si kuhifadhi, na ukikiacha kimelala mpaka betri iishe kabisa, umepoteza vilevile.

Basi vidole si tatizo, muda si tatizo, macho ni tatizo la baadhi. Kwa nini basi nasema alama inapotosha? Kwa sababu ya jambo ambalo halipimwi na mtihani wowote wa siku ya kwanza. Valve wanaangalia mambo manne: vitufe vinafanya kazi, maandishi yanasomeka, gemu halimsumbui mchezaji kwa madirisha na maonyo ya kompyuta, na linakubaliana na mfumo wao. Ni mambo ya maana, na wanayaangalia kwa uaminifu. Lakini yote manne yanajibika ndani ya saa moja ya kucheza, na saa moja ndani ya RimWorld una watu watatu, kibanda cha mbao na shamba la viazi.

Ili kuelewa kinachotokea baadaye inabidi kutofautisha picha na mapigo. Picha ni zile fremu kwa sekunde ambazo kila mchambuzi wa vifaa anazitaja. Mapigo ni hatua za uhai wa gemu lenyewe: kila pigo, kila mwanakambi anasogea kidogo, njaa inapanda kidogo, kidonda kinavuja kidogo, mmea unarefuka kidogo. Kwa kasi ya kawaida RimWorld hupiga mapigo 60 kwa sekunde, kasi ya pili 180, ya tatu 360. Siku nzima ya kambi ni mapigo 60,000. Kwa hiyo mchana wa saa 12, kuanzia jua linapochomoza, ni mapigo 30,000, na kwenye kasi ya tatu unapaswa kwisha kwa sekunde 83. (Usiku gemu huongeza kasi zaidi wote wakiwa wamelala, ndiyo maana napima mchana.) Sasa, kila pigo lina kazi ya kufanywa na prosesa. Ramani ya kawaida ni miraba 250 kwa 250, yaani miraba 62,500, na mwanakambi anayetaka kubeba gunia moja la mchele inabidi atafutiwe njia kupita milango, kuta, matope na miti. Watu watatu si kitu. Weka watu 18, ng'ombe 30, kuku ambao hukumbuka kuwazuia kuzaana, na wavamizi 60 wanaoingia kwa pamoja kutoka kaskazini, kila mmoja akitafuta njia yake.

Prosesa ikishindwa kufikisha mapigo 360, gemu halikuletei taarifa. Halizimiki, halikuonyeshi alama nyekundu. Linapiga machache zaidi. Ukiwa umesimamisha muda, picha ni laini kama siku ya kwanza, na nimeshasema sehemu kubwa ya mchezo ni kusimamisha. Kinachobadilika ni urefu wa siku. Mchana wa sekunde 83 unakuwa wa dakika mbili na sekunde 47 mapigo yakishuka hadi 180, na unazidi dakika nne yakishuka hadi 120. Mchezaji anajiona amechoka na kambi yake. Anasema gemu limeanza kuboa, anaanzisha kambi mpya ya watu watatu na ghafla raha imerudi. Nimewasikia wengi wakieleza hivyo, wakidhani ni tabia ya gemu kuchosha mwishoni. Baadhi yao wako sahihi. Wengine walichoshwa na kifaa.

Hapa ndipo mnunuzi anapotoa hela kwa kitu kisichomsaidia. Steam Deck ina prosesa ya viini vinne, yaani vipande vinne vinavyopiga hesabu kila kimoja kivyake, vya aina inayoitwa Zen 2, ubunifu wa kampuni ya AMD wa mwaka 2019, ikigawana nguvu ya wati 15 na sehemu ya kuchora picha. Toleo la OLED lina betri kubwa zaidi, wati-saa 50 badala ya 40, na skrini bora, lakini viini ni vya ubunifu uleule. Na ROG Xbox Ally iliyotoka kwa dola 599, kifaa cha 2025 chenye skrini inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, nayo ndani ina viini vinne vya Zen 2, ingawa inaweza kulishwa nguvu zaidi. Ni kaka yake, Ally X iliyotoka kwa dola 999, tu iliyopata kizazi kipya. Kwa gemu la vita lenye picha nzito, sehemu ya kuchora ndiyo inayobeba mzigo na tofauti nyingine hizo zina maana yake. Kwa RimWorld, ambalo watu wake hawana hata miguu, sehemu ya kuchora imekaa bure na kiini kimoja kinatoka jasho. Anayeacha Deck yake ya 2022 ili anunue Ally ya kawaida kwa ajili ya kambi kubwa, kwa maoni yangu, amenunua skrini.

Watetezi wa vifaa hivi wana majibu mawili, na moja ni zuri. Zuri ni kwamba watengenezaji wanaweza kupunguza mzigo wenyewe. Kwa miaka mingi karibu kazi yote ya mapigo ya RimWorld ilipangwa foleni kwenye kiini kimoja huku vingine vikitazama. Toleo la 1.6, lililokuja pamoja na Odyssey, liliigawa kazi ya kutafuta njia kwa viini zaidi ya kimoja, na wenye kambi kubwa wamepata ahueni hata kwenye vifaa vya zamani. Hili linaunga mkono hoja yangu kuliko linavyoipinga: kifaa kilekile, alama ileile, na bado uzoefu umebadilika kwa sababu ya kitu ambacho alama haikukigusa. Jibu la pili ni kwamba ukikwama unaweza kuweka modi za kuongeza kasi. Sawa, lakini modi ni upanga wa pande mbili. Uhuru wa kuziweka ndio unaolipa toleo la Deck ubora juu ya lile la PlayStation, na wengi hatuchezi bila modi. Modi za kuongeza wanyama, silaha, magonjwa na dini nazo zinadai sehemu yao ya kila pigo, na mtihani wa alama hufanywa kwenye gemu tupu ambalo wachezaji wake wa miaka mingi walishaliacha.

Betri nayo inatoa somo hilohilo. Valve walisema Deck ya kwanza itadumu kati ya saa 2 na 8, masafa mapana kiasi cha kutosema kitu. Kambi changa ikichezwa taratibu, huku nguvu ya prosesa umeipunguza kwenye mipangilio, huikaribia ile namba kubwa. Kambi kongwe kwenye kasi ya tatu inaishia karibu na ndogo. Ni gemu lilelile, lakini mtu akikuuliza linakula chaji kiasi gani, jibu sahihi ni kumuuliza kambi yako ina umri gani.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukitegemea nilipoanza kulifikiria suala hili, nacho kimenibadilisha namna ya kucheza. RimWorld hupima ukubwa wa wavamizi kwa kuangalia, pamoja na mambo mengine, mali ya kambi na idadi ya watu wake. Ukijaza stoo dhahabu na sanamu, unaletewa jeshi linalolingana na dhahabu yako. Maana yake mali inaongeza mzigo wa kila pigo mara mbili: mara ya kwanza kwa vitu vyenyewe na wabebaji wake, mara ya pili kwa maadui inaowaita. Kambi ya watu saba wenye ukuta mzuri, chakula cha msimu mmoja na hakuna ziada, inapata wavamizi wachache, inapiga mapigo yake yote 360, inakula betri kidogo, na ukurasa wake wa kazi una visanduku 140 vinavyotosha skrini bila kusogeza. Wachezaji wa mezani wanaiona kambi ya aina hiyo kuwa ya mtu aliyeshindwa kukua. Mimi naona ni kwamba miaka yote tulijenga miji mikubwa kwa sababu kompyuta iliruhusu, huku hesabu ya hatari ndani ya gemu ikitunyooshea kidole kwenye udogo tangu mwanzo. Kifaa dhaifu kimenilazimisha kuisikiliza. Nakubali hili halitamridhisha kila mtu, hasa yule ambaye raha yake ni kuona watu 40 wakila kwenye ukumbi mmoja. Huyo abaki mezani, na asidanganywe na kijani.

Kwa Valve na Microsoft, marekebisho si magumu. Magemu yanayokua yahitaji mtihani wa pili: faili la kambi ya mwaka wa tano, linalotolewa na watengenezaji wenyewe, linachezwa kwa mchana mmoja, na matokeo yanaandikwa pembeni ya alama. Studio kubwa hazitapenda, kwa sababu namba hiyo inaaibisha. Studio ndogo kama Ludeon, ambazo tayari zimewekeza kwenye kupunguza mzigo, zingefaidika nayo.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa sisubiri hilo. Vifaa hivi haviuzwi kwetu na Valve moja kwa moja. Tunavipata kwa ndugu anayerudi kutoka nje au kwa duka lililoagiza lenyewe, na ukishalipa, kurudisha ni maneno matupu. Kwa hiyo muombe mwenye nacho dakika kumi. Nenda na faili la kambi yako kongwe kwenye flashi, pamoja na orodha ya modi zako. Chagua siku ya amani, maana wavamizi wakiingia gemu hujirudisha lenyewe kwenye kasi ya kawaida. Subiri saa ya gemu isome 6, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, weka kasi ya tatu, washa saa ya kupimia ya simu yako, na uache mpaka isome 18. Ikiwa sekunde 83, mlipe mtu wa watu. Ikiwa dakika mbili na nusu, mimi bado ningelipa, ila ningepunguziwa bei. Ikifika nne, mrudishie kifaa chake, nenda nyumbani ukawauze wale kuku.